Bega linalochomoka mara kwa mara: kabla ya kukaza ligamenti, uliza mfupa umebaki kiasi gani

Mwalimu wa Momenti

Salaam, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na tangu sekondari hadi chuoni nilicheza raga mjini Nakuru. Bega langu la kulia limefanyiwa upasuaji mara mbili, mara ya kwanza mwaka 2011 nikiwa na umri wa miaka 20, na mara ya pili mwaka 2014 baada ya ule wa kwanza kushindwa. Ninaandika uzi huu kwa sababu kila kijana anapouliza humu kuhusu bega linalochomoka hujibiwa kwamba ligamenti, yaani kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa, zimelegea na daktari atazikaza. Mimi pia niliamini jibu hilo, na lilinigharimu miaka mitatu.

Siku niliyojua kwamba upasuaji wa kwanza umeshindwa sikuwa uwanjani. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, nimeinua mkono ili niandike tarehe kwenye kona ya juu ya ubao, na kabla sijamaliza kuandika mwezi nikasikia kitu kikiteleza ndani ya bega bila kelele. Chaki ikaanguka. Mkono ukabaki umesimama hewani, ukikataa kushuka, na nilipopeleka mkono wa kushoto kwapani nikakigusa kichwa cha mfupa kimetokeza mbele, mviringo kama yai chini ya ngozi. Wanafunzi wa kidato cha pili walicheka kwanza, wakidhani ni mchezo wa kuigiza.

Ili kuelewa kilichotokea, tuanze na umbo la kiungo chenyewe. Wazee wetu waliuita mfupa wa nyuma ya bega kombe, na jina hilo linafaa, ingawa sehemu inayobeba mkono ni kisahani kidogo tu kilichoko pembeni mwa kombe hilo. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa kuliko kisahani hicho, kiasi kwamba wakati wowote ni kati ya robo na theluthi ya kichwa tu inayogusana nacho. Wengi wetu tulikimbia mbio za ndimu kwenye kijiko shuleni. Bega ni ndimu hiyo, isipokuwa kijiko chenyewe ni kifupi zaidi. Mwaka 1989 Howell na Galinat walipima kina cha kisahani wakakuta takriban milimita 9 kutoka juu kwenda chini, na milimita 5 tu kutoka nyuma kwenda mbele, na karibu nusu ya kina hicho hakitokani na mfupa, bali na ukingo wa gegedu unaokizunguka, ambao madaktari huuita labramu. Ukingo huo ukibanduka upande wa mbele, unabaki na kama milimita mbili na nusu za kuzuia ndimu isianguke.

Basi ni nini kinachoishikilia? Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mimi niliyekuwa nikifundisha msuguano na momenti nilikosea pia. Mkono unapokuwa katikati ya mzunguko wake, kwa mfano unapokoroga uji au kufungua mlango, ligamenti za bega zimelegea kabisa na hazifanyi kazi yoyote ya maana. Kinachoshikilia kiungo wakati huo ni misuli minne inayokizunguka kichwa, ambayo hukigandamiza ndani ya kisahani, na kadiri mgandamizo unavyoongezeka ndivyo inavyohitajika nguvu kubwa zaidi ya kukisukuma pembeni. Lippitt na wenzake walilijaribu jambo hili mwaka 1993 wakakuta kwamba kichwa kinaweza kuhimili msukumo wa pembeni unaofika hadi takriban asilimia 60 ya nguvu ya mgandamizo, hasa kuelekea juu na chini ambako kisahani kina kina zaidi, na kwamba kuondoa labramu hupunguza uthabiti huo kwa takriban asilimia 20.

Ligamenti huingia kazini mwishoni mwa mzunguko. Ile muhimu kuliko zote kwa habari yetu hukaa sehemu ya chini ya kifuko cha kiungo, imetandazwa kama machela, ikiwa na ukanda mnene mbele, ukanda mwingine nyuma, na mfuko kati yao. Mkono ukiinuliwa pembeni hadi nyuzi 90 kisha ukageuzwa nje, kama mtu anayetaka kurusha jiwe, ule ukanda wa mbele hutanuka na kupanda mbele ya kichwa cha mfupa ukawa kizuizi kikuu. Turkel na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1981. Nilipokuwa nikimkaba mpinzani kwa mkono ulionyooshwa pembeni, yeye akaendelea kukimbia, mkono wangu ulisukumwa katika mkao huohuo, na ukanda huo ndio uliobeba mzigo wote.

Sasa sikilizeni jinsi unavyokatika. Bigliani na wenzake waliuvuta ukanda huo maabara mwaka 1992 hadi ukakatika, wakakuta kwamba hurefuka kwa zaidi ya robo ya urefu wake kabla ya kuachia, na kwamba mara nyingi huachia pale unapoungana na kisahani, ingawa si haba mara ulizokatikia katikati yake. Maana yake ni kwamba hata pale ambapo ukingo umebanduka vizuri na unaweza kurudishwa, nyama yenyewe imekwisha kuvutwa kama lastiki ya soksi kuukuu. Kila mara bega linapochomoka tena, lastiki huzidi kuchoka, na ukingo wa mfupa nao huzidi kulika. Nitarudi kwenye mfupa, kwa kuwa ndiyo sababu ya uzi huu.

Mzee wa Mji wa Kale

Mwalimu, nimekusoma. Hapa kwetu yuko mzee mmoja anayerudisha bega kwa dakika tano na mafuta ya nazi, na watu huondoka wakitembea. Kwa nini kijana afunguliwe mwili kwa jambo ambalo mkandaji analimaliza?

Mwalimu wa Momenti

Shikamoo, mzee wangu. Kurudisha bega ni jambo moja, na kulizuia lisichomoke tena ni jambo jingine. Kulirudisha ni maarifa ya kale sana, na Hippocrates wa Ugiriki aliandika namna kadhaa za kufanya hivyo. Huyohuyo Hippocrates, alipokutana na watu ambao mabega yao yalichomoka kila mara, alishauri wachomwe kwapani kwa vyuma vya moto ili kovu likaze sehemu ya chini ya kiungo. Tukiacha ukatili wa njia hiyo, wazo lake ndilo lililotawala kwa karne nyingi baadaye, kwamba bega limelegea na linahitaji kukazwa na kitu chochote. Hata katika karne ya 20 kulikuwa na upasuaji uliofupisha msuli wa mbele ya bega hadi mkono ukashindwa kugeuka nje, na kweli bega halikuchomoka, lakini kichwa kilisukumwa nyuma siku zote na baada ya miaka kiungo kikasagika. Ninaongeza neno moja kuhusu wakandaji: wapo wenye mikono mizuri, lakini bega linalorudishwa bila eksirei linaweza kuwa limevunjika, na mshipa wa fahamu unaopita chini yake haurudishwi kwa mafuta.

Aliyebadilisha mawazo alikuwa daktari wa London, Arthur Sydney Blundell Bankart. Mwaka 1923 aliandika kuhusu wagonjwa wanne, na mwaka 1938 kuhusu 27, akisisitiza kwamba kosa halisi ni kubanduka kwa ukingo na kifuko kutoka mbele ya kisahani, na kwamba tiba ni kuvirudisha mahali pake kwenye mfupa. Hakukaza kila kitu, alirekebisha kilichoharibika. Upasuaji unaoitwa kwa jina lake hadi leo hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Ukingo uliobanduka huachanishwa na kovu, mfupa hukwaruzwa hadi utoe damu ili nyama ipate kushika, kisha nanga ndogo zenye nyuzi hupandwa ukingoni mwa kisahani, na kila uzi hupitishwa kwenye kifuko ili kukipandisha juu na kukirudisha. Kuhusu idadi ya nanga, Boileau na wenzake walikuta mwaka 2006 kwamba waliowekewa tatu au pungufu walirudiwa na tatizo zaidi kuliko waliowekewa nne au zaidi, jambo ambalo kwa mtu wa fizikia halishangazi, kwani mzigo uleule uliogawanywa kwenye nanga chache huvuta kila moja kwa nguvu zaidi.

Mimi niliwekewa tatu.

Fizio wa Bandarini

Mwalimu, mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na ninashukuru kwamba umeanza na misuli. Ninaomba kuongeza jambo kwa ajili ya wale ambao bega lao limechomoka mara ya kwanza tu, kwani si kila mmoja wao anahitaji kisu. Hovelius na wenzake nchini Sweden waliwafuatilia watu wa umri wa miaka 40 na chini yake kwa miaka 25 bila kuwafanyia upasuaji mwanzoni, na hata katika kundi la vijana wa miaka 12 hadi 25, karibu nusu yao mabega yalitulia yenyewe au hayakurudia. Wanaorudiwa zaidi ni vijana wadogo na wanaocheza michezo ya kugongana. Mama wa miaka 50 aliyeteleza bafuni ana hatari nyingine kabisa, nayo ni kuchanika kwa kano za ile misuli minne, na huyo asipoweza kuinua mkono wiki chache baada ya bega kurudishwa, apimwe haraka kano hizo badala ya kuambiwa avumilie.

Sasa Mwalimu, endelea na mfupa, maana wagonjwa wangu wote walioshindwa baada ya upasuaji mzuri walikuwa na tatizo hilohilo.

Mwalimu wa Momenti

Ahsante, dada. Ndiyo, tuje kwenye mfupa.

Chukua kisosi cha kahawa, weka ndimu juu yake, kiinamishe kidogo. Ukingo utaizuia. Sasa chukua kisosi kilichomeguka ukingo upande mmoja, ukajaribu kuziba pengo hilo kwa kubandika kitambaa. Kitambaa kinaweza kuwa imara, gundi inaweza kuwa nzuri, na fundi anaweza kuwa hodari kupindukia, lakini ndimu ikifika pale penye pengo haigongani na ukingo tena. Inaegemea kitambaa, na kitambaa sasa kinabeba peke yake mzigo ambao zamani ulibebwa na kauri. Hivyo ndivyo nilivyofanyiwa mimi mwaka 2011.

Ushahidi wake ulitoka Afrika yetu hii pia. Mwaka 2000 Stephen Burkhart wa Marekani na Joe De Beer wa Cape Town walichapisha matokeo ya mabega 194 yaliyofanyiwa upasuaji wa Bankart kwa kamera. Wale ambao hawakuwa na upungufu mkubwa wa mfupa walirudiwa kwa asilimia 4, na wale waliokuwa nao walirudiwa kwa asilimia 67. Miongoni mwao walikuwamo wanamichezo 101 wa michezo ya kugongana, 96 kati yao wakiwa wacheza raga wa Afrika Kusini, na katika kundi hilo wenye upungufu wa mfupa walirudiwa kwa asilimia 89. Rudieni kuisoma namba hiyo, kisha mfikirie kijana wa miaka 20 anayerudi kucheza raga huku akiwa ameshonewa nyama tu.

Mwaka huohuo Eiji Itoi wa Japani na wenzake walikata ukingo wa mbele wa visahani vya maiti hatua kwa hatua, wakikarabati kifuko kila mara. Pengo lilipofika takriban asilimia 21 ya urefu wa kisahani, ukarabati wa nyama haukurudisha tena uthabiti. Kulikuwa na jambo la pili ambalo watu hulisahau: kukivuta kifuko hadi kifike kwenye ukingo uliorudi nyuma kulipunguza uwezo wa mkono kugeuka nje kwa takriban nyuzi 25 kwa kila sentimita ya pengo. Kwa hiyo mgonjwa hupata hasara mbili kwa pamoja, yaani bega gumu lisilogeuka vizuri na ambalo bado linachomoka. Angalizo kwa wapenda hesabu: hiyo ni asilimia ya urefu, ilhali waganga wengi siku hizi hupima kwa upana, na pengo lilelile kwa upana huwa ni takriban robo. Wengine wamekwisha kushusha kiwango cha kutahadhari hadi asilimia 13.5, baada ya Shaha na wenzake kuonyesha mwaka 2015 kwamba wanajeshi waliozidi hapo hawakuwa na bega la kuridhisha hata pale ambapo halikuchomoka tena.

Upande wa pili wa kiungo nao huumia. Kichwa kinapotoka mbele, sehemu yake ya nyuma hujigonga kwenye ukingo wa kisahani na kubonyea, kama papai lililodondokea ngazi. Hill na Sachs, wataalamu wa eksirei wa Marekani, ndio waliolieleza bonde hilo vizuri mwaka 1940. Bonde dogo halina neno. Bonde pana likifika ukingoni mkono unapogeuka, hunasa ukingo na kulivuta bega nje.

Nilipoenda kwa daktari wa pili mwaka 2014, alinipeleka kwenye kipimo cha CT, yaani picha za eksirei zinazoonyesha mfupa kipande kwa kipande, akaniitia kwenye skrini yake, akachora duara juu ya sehemu ya chini ya kisahani changu. Duara lilikuwa na kipenyo cha milimita 28, na upande wa mbele lilielea hewani kwa milimita 7. Robo kamili. Kwa kuwa alijua mimi ni mwalimu, alinipa karatasi nifanye hesabu mwenyewe, na hesabu hiyo ni rahisi kuliko nyingi za kidato cha tatu. Eneo la kichwa linalokanyagwa na kisahani mkono ukiwa umeinuliwa, ambalo madaktari huliita njia, lina upana wa takriban asilimia 83 ya kipenyo, kwangu milimita 23.2, ondoa 7 zilizolika, unabaki na 16.2. Bonde langu, pamoja na daraja la mfupa lililobaki kati yake na mizizi ya kano, lilikuwa milimita 19. Kumi na tisa ni kubwa kuliko 16.2, basi bonde lilikuwa nje ya njia, na lilikuwa na nafasi ya kunasa kila nilipoandika tarehe ubaoni.

Lililonikera si hesabu hiyo. Kanuni ya bonde na njia ilipata umbo hilo kamili mwaka 2014 kwa kazi ya Di Giacomo, Itoi na Burkhart, kwa hiyo siwezi kumlaumu daktari wa 2011 kwa kutoijua. Lakini tangu mwaka 2007 Balg na Boileau walikuwa wametoa kipimo cha alama 10 ambacho hakihitaji CT hata kidogo. Umri wa miaka 20 au chini wakati wa upasuaji, alama 2. Kucheza kimashindano, 2. Mchezo wa kugongana, 1. Ukingo wa kisahani uliopotea kwenye eksirei ya kawaida, 2. Mimi nilikuwa na 7 bila kuhesabu vilivyobaki, na waandishi hao walikuta kwamba waliozidi 6 walirudiwa kwa asilimia 70. Eksirei yenyewe nilikuwa nimeibeba kwapani ndani ya bahasha ya kaki, na daktari wa pili alipoiweka kwenye taa aliuonyesha ukingo uliopotea kwa ncha ya kalamu, kimya. Hospitali ile ya kwanza sitaitaja.

Zuhura wa Dereva

Mwalimu na Dada Fizio, poleni kwa kuwaingilia. Kaka yangu ni dereva wa bodaboda, aliangukia bega miezi mitano iliyopita. Mtulinga wake umepanda juu kama kigingi chini ya ngozi, na ukiubonyeza unashuka kisha unarudi. Je, naye ana tatizo hili la kisahani? Ameambiwa atafanyiwa upasuaji wa kutengenezewa ligamenti mpya.

Fizio wa Bandarini

Pole sana, Zuhura. Hicho ni kiungo kingine, ingawa watu wote husema bega. Kaka yako aliangukia ncha ya bega, mkono ukiwa karibu na mwili, na nguvu ile ililisukuma kombe chini huku mtulinga ukibaki juu. Zilizokatika kwake ni ligamenti mbili fupi na nene zinazoushikilia mtulinga kwenye pembe ndogo ya mfupa iliyo mbele ya kombe, iitwayo korakoidi, jina linalotokana na kunguru kwa Kigiriki kwa sababu wataalamu wa kale waliifananisha na mdomo wake. Kwa kweli si mtulinga uliopanda; ni mkono mzima ulioshuka kwa uzito wake.

Majeraha hayo hupangwa kwa daraja sita. La kwanza na la pili hutibiwa kwa kuning'iniza mkono na mazoezi. La nne hadi la sita kwa kawaida hupasuliwa. La tatu linabishaniwa tangu zamani, na watu wengi wa daraja hilo hurudi kazini vizuri bila kisu, wakibaki na kinundu tu. Jaribio la madaktari wa Kanada lililochapishwa mwaka 2015 liliwalinganisha waliofungiwa chuma chenye ndoana na wasiopasuliwa, na halikuona faida ya chuma hicho katika matumizi ya mkono. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kaka yako ni kama mkono unamsumbua kazini, wala si kama kinundu kinaonekana.

Mwalimu wa Momenti

Nikiongezea upande wa nguvu, maana hapa ndipo neno kutengeneza ligamenti mpya linapostahili kuulizwa vizuri. Zile ligamenti mbili hazifanyi kazi moja. Ile ya ndani, yenye umbo la pia, huzuia zaidi mtulinga usipande juu, ile ya nje iliyo bapa hupokea msukumo unapokandamizwa kuelekea akromioni, yaani ncha ya kombe iliyo juu ya bega, na kifuko cha kiungo chenyewe huuzuia usirudi nyuma. Fukuda na wenzake waliyaonyesha hayo mwaka 1986. Ndiyo maana kufunga kamba moja kati ya mtulinga na korakoidi kunaweza kuushusha mtulinga ukaonekana sawa kwenye eksirei ya mbele, huku ukiendelea kuyumba mbele na nyuma bila mtu kuuona.

Njia iliyotumika sana tangu mwaka 1972, ya Weaver na Dunn, ilihamisha ligamenti nyingine ya jirani na kuipandikiza kwenye ncha ya mtulinga iliyokatwa. Tatizo ni nguvu. Katika majaribio ya Harris na wenzake mwaka 2000, ligamenti za asili zilihimili karibu nyutoni 500 kabla ya kukatika, na ile iliyohamishwa ilihimili karibu 145. Uzito wa mkono wa mtu mzima peke yake, ukining'inia, ni kama nyutoni 30 hadi 40, na mtu akibeba ndoo ya lita 20 kwa mkono huo ameongeza karibu 200. Hesabu hiyo inatosha kueleza kwa nini wengi walirudi na kinundu chao. Siku hizi, kwa jeraha lililopitisha wiki tatu hivi, hutumiwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe, ikapitishwa chini ya korakoidi na kupandishwa kwenye mtulinga mahali pawili, takriban milimita 45 na milimita 30 kutoka ncha ya nje, ili zifuate nafasi za zile mbili za asili. Mara nyingi huongezewa uzi imara wenye vifungo vya chuma, ambao kazi yake ni kubeba mzigo hadi kano ishike. Miezi mitano imepita, basi kamba peke yake bila kano haifai kwa kaka yako, kwani ncha za ligamenti zake zimekwisha kupoteza uwezo wa kuungana. Na muulizeni daktari upana wa matundu atakayotoboa kwenye mtulinga, kwa sababu matundu mapana yaliyokaribiana ndiyo huuvunja baadaye.

Kijana wa Raga

Mwalimu, hujasema ulifanyiwa nini mwaka 2014. Mimi nina miaka 22, bega limetoka mara sita.

Mwalimu wa Momenti

Nilifanyiwa upasuaji wa Latarjet. Michel Latarjet wa Lyon aliueleza mwaka 1954. Ni ile korakoidi ya kina Zuhura, ila hapa hukatwa kipande cha sentimita mbili hivi pamoja na kano zilizojishikiza kwenye ncha yake, kikapitishwa katikati ya nyuzi za msuli wa mbele ya bega, na kufungwa kwa skrubu mbili pale penye pengo la kisahani. Kisosi kinapata ukingo wa mfupa, si wa kitambaa. Kwangu kipande hicho kiliongeza takriban milimita 10. Rudini kwenye hesabu yangu, 16.2 ikawa 26.2, na bonde la milimita 19 likaingia ndani ya njia bila kuguswa.

Lakini lililonivutia zaidi ni kwamba mfupa sio mfanyakazi mkuu. Yamamoto, Itoi na wenzao walipoutenganisha mchango wa kila sehemu kwenye maabara mwaka 2013, walikuta kwamba mkono ukiwa mwishoni mwa mzunguko, karibu robo tatu ya uthabiti inatokana na zile kano zilizohamishwa pamoja na sehemu ya chini ya msuli zinayoikandamiza, ambazo hupita mbele ya kichwa kama mbeleko, na robo iliyobaki inatokana na kifuko kilichoshonwa. Katikati ya mzunguko, mbeleko hiyo hubeba zaidi ya nusu na mfupa hubeba kilichobaki. Uzuri wake ni kwamba kadiri mkono unavyoinuliwa na kugeuzwa nje, yaani kadiri hatari inavyokaribia, ndivyo mbeleko inavyokaza. Mama aliyembeba mtoto mgongoni anajua kwamba akiinama kitambaa hukaza chenyewe.

Sikuuzii, kijana. Mapitio ya Griesser na wenzake ya mwaka 2013 yalikuta matatizo ya aina mbalimbali kwa takriban asilimia 30 ya waliofanyiwa upasuaji wa kuhamisha korakoidi, ingawa waliochomoka tena kabisa walikuwa karibu asilimia 3. Mfupa unaweza usiungane, skrubu inaweza kuwasha au kukwaruza, na mishipa ya fahamu miwili muhimu inapita jirani na mahali pa kisu. Anayehitaji Bankart tu asifanyiwe Latarjet kwa sababu ya hofu. Na kwa bonde kubwa la kichwa huku kisahani kikiwa kizima, upo upasuaji mwingine wa kulijaza kwa kushonea kano ya nyuma ndani yake, ambao hulifanya bonde lisifike ukingoni.

Mara sita, miaka 22. Usikubali kupangiwa tarehe kabla ya kipimo cha CT, na ukipewa majibu omba namba mbili: milimita zilizopotea kwenye kisahani, na upana wa bonde.

Fizio wa Bandarini

Na baada ya upasuaji asikimbilie kulivuta bega. Wiki za mwanzo ni za kuning'iniza mkono, huku kiwiko na vidole vikifanya kazi. Kugeuza nje huongezwa polepole, na misuli minne ndiyo huanza kuimarishwa kabla ya kifua na mikono, kwa kuwa ndiyo inayogandamiza. Wagonjwa wangu hukata ukanda wa mpira kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, huufunga kwenye komeo la dirisha, huweka taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu, na huvuta kwa taratibu. Taulo ikianguka, wameanza kudanganya kwa bega zima. Mchezo wa kugongana husubiri miezi minne hadi sita, na kwa Latarjet husubiri pia picha inayoonyesha kwamba mfupa umeungana.

Kijana wa Raga

Nimerudi. Kipimo kimetoka leo. Kipenyo ni milimita 27, kilichopotea ni 3, bonde ni 14. Nimepiga hesabu yako mara mbili.

Mwalimu wa Momenti

22.4 ukiondoa 3 ni 19.4. Kumi na nne iko ndani ya njia. Kilichopotea ni asilimia 11, chini ya ile 13.5, lakini si mbali nayo, na bado unacheza raga kimashindano, basi alama zako za Balg na Boileau zinaanza na 3 kabla ya kuangalia eksirei wala ulegevu wa viungo. Mpelekee daktari karatasi hiyo. Akisema Bankart, muulize atapanda nanga ngapi.